Bwawa la Kukaa Tupu

Hapana, halikupasuka. Nani kakwambia lilipasuka? Watu wa siku hizi wakipita pale Kwemtindi wakaliona lile tuta limebaki nusu, basi wanatikisa kichwa, eti bwawa lilipasuka. Mwee! Lile tuta lilibomolewa baadaye kabisa, watu walipotaka mawe ya kujengea zahanati. Bwawa lenyewe halikupasuka hata siku moja. Taabu yake ilikuwa nyingine. Taabu yake ni kwamba lilijengwa likae tupu.

Ndiyo, tupu. Usicheke. Sefania naye alicheka siku alipoelezwa mara ya kwanza, na ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kulilinda.

Huyu Sefania alikuwa mtu wa mfereji. Kabla ya Uhuru, kabla hata Waingereza hawajaanza kuwahangaisha watu na matuta yao ya mashambani, baba yake ndiye aliyekuwa anagawa maji ya mfereji wa Kwemtindi, leo ukoo huu, kesho ukoo ule. Babu yake vile vile. Walikuwa na kidimbwi chao huko juu, jioni wanakiziba kwa mti na udongo, asubuhi wanaung'oa ule mti, maji yanashuka kwenye maharage na viazi. Mtu wa ukoo kama huo, tangu anajifunza kutembea, anajua kitu kimoja: maji yakipita mbele yako bila kushikwa, umezembea.

Sasa yakaja mafuriko. Hii ni miaka ya ujamaa tayari, watu wameshaanza kuambiwa wasogee wakae pamoja. Masika ya mwaka ule maji yalitoka huku milimani yakashuka mpaka Mombo, yakabeba daraja, yakakata barabara, yakaingia kwenye mkonge, yakaingia majumbani. Kule Kwefungo, pale kijito cha Kwemtindi kinapotoka mlimani kuingia tambarare, walizika watu. Serikali ikasema basi, hatuwezi kujenga daraja kila mwaka. Wakaitwa watu wa juu na watu wa chini, wote, wakutane Lushoto wapange pamoja.

Kwemtindi walimpeleka mwenyekiti wao, Tobia, pamoja na Sefania kwa sababu ya mambo yake ya maji. Walikuta ukutani kumebandikwa karatasi kubwa kama shuka, imechorwa milima yote na vijito vyote, vinaungana, vinaungana, mpaka vinakuwa mto mmoja. Bwana maji, kijana mpole anaitwa Danieli, alikuwa na fimbo ndefu ya kuonyeshea. Sefania alikitafuta kijito chao akakiona, chembamba kama unywele, akakifuata kwa macho hadi Kwefungo. Hapo masikio yakaacha kusikia kidogo. Kwefungo ndiko alikoolewa binti yake, Raheli.

Mzee mmoja wa Mombo akasimama.

"Mimi nina moja tu," akasema. "Nyie Wasambaa mnalima huko juu, lakini shamba liko kwangu. Nimeamka nimekuta udongo wa Vuga umejaa sebuleni. Nimepanda mchicha, umeota vizuri mno. Asanteni."

Ukumbi mzima ukacheka. Tobia hakukubali kushindwa. "Basi mzee wangu, ukichuma usisahau na sisi wenye udongo."

"Njooni mchukue wenyewe! Na udongo mpande nao mgongoni!"

Baada ya kucheka ikaja kazi. Danieli akaeleza kwamba kila kijito cha juu kitajengewa bwawa, tuta imara la mawe na udongo, na chini kabisa ya tuta litalazwa kalvati la zege, bomba nene la kupitisha maji. Siku za kawaida maji yatapita kwenye kalvati kana kwamba bwawa halipo. Siku ya mvua kubwa kalvati litapitisha kiasi chake tu, mengine yatangoja ndani ya bwawa, yateremke pole pole, na huko chini mtu aendelee na usingizi wake.

"Kwa hiyo mvua ikija lazima ilikute bwawa tupu," akasema Danieli. "Likiwa limejaa, ni sawa na kwamba hatukujenga. Lile kalvati lisizibwe. Msilizibe kabisa, wazee wangu."

"Na kiangazi je?" Tobia akauliza. "Maji yapite tu tunayaangalia?"

"Maji ya kumwagilia yana mpango wake, mzee. Hiyo ni awamu ya pili."

Watu wakapiga makofi. Awamu ya pili ilisikika kama jambo kubwa. Haikuja. Danieli mwenyewe alihamishiwa Songea kabla udongo wa tuta haujashika vizuri, na aliyepokea kiti chake alikuwa na gari lisilo na mafuta.

Lakini bwawa lilijengwa, hilo usilikatae. Lilijengwa kwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu. Wanaume na sululu, wanawake na makarai kichwani, nyimbo kutoka asubuhi. Aliyekuwa anaongoza wanawake ni Yunis, mama mfupi mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya bonde. Tuta lilipokwisha, wakasema mlinzi wa kalvati awe nani? Awe Sefania, mtoto wa wenye mfereji. Wakamwonyesha kazi yenyewe: aondoe majani na matawi kwenye mdomo wa kalvati, maji yapite.

"Hongera, shemeji," Yunis akamwambia. "Umepewa zizi lisilo na ng'ombe. Uwe unalala na mkuki, wezi wasije wakaiba hewa."

Sefania alicheka na wenzake. Lakini asubuhi anaposimama juu ya tuta, anaangalia maji yanaingia huku yanatokea kule, mikono ilikuwa inamwasha. Ni kama umewekwa mlangoni uangalie ng'ombe wa watu wanatoka kwenda kupotea, na ukiwazuia umevunja sheria.

Kule Kwefungo nako, kwa sababu bwawa limejengwa, wakubwa wakasema sasa hapa kando ya mto ni salama, ni tambarare, lori linafika. Watu wakapangwa wajenge kwa mistari. Raheli na mumewe Januari wakapata kiwanja mstari wa mwanzo, mlango unatazama maji. Raheli alituma salamu kwamba anachota maji bila hata kuvaa kandambili. Dorkasi, mama yake, alifurahi. Sefania alifurahi nusu.

Halafu vuli ikakataa. Unaujua mwaka wenyewe, mwaka wa unga wa njano, ule tuliouita Yanga. Mahindi yalikauka yakiwa mafupi kama majani ya mbuzi. Redioni ni kilimo cha kufa na kupona, asubuhi na jioni, na Tobia kila akiitwa kwenye kata anarudi amenuna, maana kila kijiji kinaulizwa kimepanda nini. Kwemtindi walikuwa wamepanda maharage, shamba la kijiji kizima, ng'ambo ya bonde, kwenye kilima, kwenye njia ya mfereji wa zamani. Maharage yakaota, yakatoa majani mawili matatu, yakaanza kunyauka.

Na kijito kilikuwa bado kina maji. Kidogo, lakini yapo, yanatoka msituni. Yanaingia bwawani, yanapita kwenye kalvati, yanakwenda zake. Mdomo wa ule mfereji wa zamani sasa ulikuwa juu, ubavuni mwa bwawa. Maji yangeufikia tu kama bwawa lingejaa. Hakuna mtu pale Kwemtindi ambaye hakuliona hilo. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze.

Asubuhi moja Sefania alifika akakuta kalvati limekaa kimya. Vipande vya mgomba vimeshindiliwa mdomoni kwa upande wa ndani, vikapigwa udongo wa mfinyanzi, kazi safi kabisa ya watu wanaojua kuziba. Akaving'oa. Kesho yake akavikuta tena. Akaving'oa. Siku ya tatu akawakuta na wenyewe: Yunis magoti kwenye matope, wanawake wengine nyuma yake wameshika mafungu ya mgomba, na aliyekuwa anakanda udongo kwa miguu ni Dorkasi.

"Na wewe?" akasema Sefania.

"Na mimi nini?" Dorkasi hakuacha kukanda. "Baba Raheli, nikuulize. Haya maji unayamwaga, unamnywesha nani?"

"Simwagi. Yanapita."

"Yanapita," Yunis akadakia. "Jamani sikieni, maji yanapita kama mgeni aliyekataa chai. Shemeji, baba yako angekuona leo angesemaje?"

Hilo lilimpata. Akajaribu kuwaeleza mambo ya Lushoto, ile karatasi, kile kijito chembamba kinachofika Kwefungo.

"Mvua iko wapi ya kumfuata mtu Kwefungo?" Yunis akamwuliza. Akanyoosha mkono angani, na mbingu kweli ilikuwa nyeupe kama sahani. "Tunaziba sasa. Mawingu yakianza tunazibua. Wewe si ndiye mzibuaji? Kazi yenu hiyo."

Sefania akamwangalia mkewe. Dorkasi alikuwa amekonda. Kanga ilikuwa inamzunguka mara mbili. Basi akashuka, akavua shati, akawaonyesha mahali palipokuwa panavuja.

Bwawa likajaa. Hapo ndipo pabaya, maana lilikuwa zuri. Maji yalipanda siku baada ya siku mpaka yakaulamba mdomo wa mfereji, yakaingia, yakaenda ng'ambo, na maharage yakafufuka. Bata wa porini wakaja. Sefania akarudi kwenye kazi ya baba yake, akawa anagawa maji, leo mstari huu, kesho ule, na watu wakawa wanamwita kwa heshima toka mbali. Tobia alileta wageni wa kata waone shamba, wakalisifu. Kuhusu kalvati hakuna aliyeuliza, na Tobia hakuona sababu ya kuwachosha wageni.

Maharage yalipoanza kujaza maganda, Raheli akapanda kuja kusalimia, mtoto mgongoni. Alisimama juu ya tuta kabla hata hajafika nyumbani.

"Shikamoo, tate."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama juani? Twende nyumbani."

"Mbona limejaa?"

"Ni maji ya maharage. Kidogo tu."

"Haya si kidogo, tate." Alikuwa haangalii bwawa, alikuwa anaangalia chini, kule kijito kinakokwenda kujificha kwenye korongo. "Sisi walituambia hili linakaa tupu. Ndiyo maana tulikubali kujenga pale."

"Mawingu yakianza nalizibua. Ni kung'oa tu. Mimi hii kazi naijua toka utotoni."

"Kitatoka hicho kizibo?"

"Kitatoka."

Raheli alikaa siku mbili, akala, akacheka na mama yake, akaondoka na maharage machanga kwenye kikapu. Lakini wakati wa kuaga alipita njia ya juu, hakupita tena kwenye tuta.

Ujue, lile neno "kitatoka" Sefania alilisema kwa moyo safi. Kile kidimbwi cha baba yake kilizibwa kwa mti uliosimama wima. Unaushika kwa juu, unautikisa, unatoka. Kalvati lilikuwa limelala. Mgomba ulisukumwa kwa ndani, na kadiri maji yalivyopanda ndivyo yalivyozidi kuukandamiza, na juu yake udongo wa kijito ukazidi kutua, siku hadi siku. Hakuna aliyekuwa amewahi kuziba kitu kama kile, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Mawingu yalianza mchana, upande wa Amani, meusi kwa chini. Masika ilikuwa imewahi. Maharage yalikuwa yamekomaa lakini hayajakauka, yalikuwa yanataka jua la wiki moja hivi. Sefania akachukua kamba na mti mrefu, akaingia majini. Akazama, akapapasa. Alikuta matope, ndani ya matope matope mengine. Akasukuma mti kwa upande wa nje wa kalvati. Ukagonga, ukarudi kama umegonga mwamba. Akaita wanaume. Walijaribu kwa mtaimbo, wakajaribu kwa kuvuta kamba kama watu wanaovuta gogo. Kizibo hakikusogea hata ukucha.

Kwa mbali, juu msituni, radi ikaanza kunguruma.

Sefania alipanda kwenye tuta. Watu wengi walikuwa wamekusanyika sasa. Akasema, "Kuna njia moja. Tuuchimbe mdomo wa mfereji uende chini. Tuuchimbe sana. Bwawa litatokea kule."

Kila mtu alijua mfereji unakwenda wapi.

"Litatokea kwenye maharage," akasema Tobia.

"Ndiyo."

"Maji yote haya, kwenye ule mfereji mwembamba. Utapasuka. Shamba lote litaondoka."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Sefania, yale maharage yameshasemwa mpaka wilayani! Na watu watakula nini? Yanga?" Tobia alikuwa anapiga kelele, lakini ukimsikiliza ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. "Pengine mvua itakuwa ndogo. Pengine tuta litashika."

"Tuta litashika. Hilo sina wasiwasi nalo. Maji ndiyo yatapita juu yake, kama halipo. Yanakwenda Kwefungo."

Sauti moja nyuma ikasema, "Kwa binti yako."

Watu wakageuka, halafu wakainamisha macho. Sefania alifuta uso kwa kiganja.

"Ndiyo," akasema. "Kwa binti yangu. Na mumewe, na mama mkwe wake, na ile mistari yote. Lakini kama angekuwa hayupo pale, sijui kama ningezama kwenye yale matope. Hilo nawaambia kweli."

Hayo si maneno ya kuwashawishi watu, unaona mwenyewe. Mtu mwenye akili za mkutanoni angesema taifa, angesema ndugu zetu. Kukawa na mabishano, huyu anasema hivi, huyu anasema vile, mwingine anasema waende wakawaonye watu wa Kwefungo, na njia ya korongoni ni mwendo wa nusu siku. Wakampeleka kijana mmoja mwenye mbio hata hivyo. Radi ikanguruma tena, karibu zaidi.

Katikati ya kelele hizo Dorkasi akagutuka. "Yunis yuko wapi?"

Yunis alikuwa ameondoka. Alionekana ng'ambo kwenye kilima, mfupi, anakimbia na kanga imefungwa kiunoni. Akafika kwenye mstari wake wa maharage, akainama, akaanza kung'oa. Shina zima na mizizi yake, anatupa kwenye rundo, anang'oa.

"Mama wee, unafanya nini?" Tobia akamwita.

Sauti ya Yunis ilivuka bonde bila shida. "Kama maji yanakuja, yasikute yangu! Nyie endeleeni na mkutano!"

Basi hapo ndipo mambo yalipokwisha. Hakuna aliyepiga kura. Mwanamke wa kwanza alikimbia, wa pili akafuata, mara watu wote wako kwenye kilima wanang'oa kama wezi kwenye shamba lao wenyewe, maharage ambayo hayajakauka, maganda bado ya kijani na mengine ya njano, yanalundikwa kwenye makarai, kwenye vikapu, kwenye mashuka. Wengine walikuwa wanalia huku wanang'oa. Mama mmoja alikuwa anamtukana Sefania kwa Kisambaa, anamtukana vizuri kabisa, kwa mpangilio, ukoo kwa ukoo, na mikono haisimami. Tobia mwenyewe alivua koti lake la mwenyekiti akalifanya gunia.

Huku bwawani wanaume wachache walibaki na Sefania. Wakachimba. Maji yalipoona njia hayakungoja. Yaliingia mferejini meupe, kisha mekundu, yakazidi kuupanua, udongo unakatika vipande vikubwa kama mikate. Kila wakichimba wanarudi nyuma, wanachimba. Watu wa mwisho walitoka shambani maji yakiwa magotini. Mfereji ukapasuka kama Tobia alivyosema. Shamba likaondoka, mistari yote, na udongo wake mweusi mzuri, likashukia kwenye bonde jingine la magugu, lisilo na mtu wala halifiki Kwefungo. Baba wa babu yake Sefania ndiye aliyeuchimba ule mfereji. Kwa muda mfupi ukawa korongo tu.

Mvua ilifika bwawa likiwa limepungua zaidi kidogo ya nusu. Zaidi ya hapo hawakuweza, mwamba ulizuia.

Usiku ule tuuache. Hakuna aliyeuona, watu waliusikia tu juu ya mabati na nyasi. Asubuhi Sefania alikuwa juu ya tuta na mvua bado inanyesha nyembamba. Bwawa lilikuwa limejaa tena, maji yako chini kidogo ya ukingo, kiasi cha mkono, na kule ubavuni yanatoka kwa nguvu kwenye lile korongo jipya. Yalipita juu au hayakupita? Kwenye ukingo kulikuwa na majani yamelala, upande mmoja tu. Aliyaangalia, akayaangalia, hakupata jibu. Njia ya Kwefungo ilikuwa imekatika, na yule kijana mwenye mbio hakuwa amerudi.

Kijijini wanawake walikuwa wanapukuchua. Maharage mabichi yakilowa hayakai. Ukiyaweka ghalani yanaoza, na mbegu hayatoi. Kwa hiyo kilichobaki ni kuyapika. Walileta sufuria za msaragambo, zile kubwa, wakaziweka uani kwa Dorkasi kwa sababu yeye alikuwa na kuni kavu. Chakula kilikuwa kingi kuliko siku yoyote ya mwaka ule, na ilikuwa kama watu wanapikia matanga.

Yaliiva. Hawakula. Dorkasi alipakua sahani ya kwanza akamwekea Raheli, akaifunika. Wengine nao wakaona aibu kuanza. Yunis alikaa karibu na moto, anakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Shemeji yuko wapi?" akauliza.

"Kule kule kwenye tuta."

Jua lilikuwa limeshapita utosini walipotokea, si kwa njia ya korongoni bali kwa juu, wamezunguka kupitia msituni. Mbele alikuwa Januari amembeba mama yake mgongoni. Nyuma yake watu wa Kwefungo, kama familia tatu nne, matope mpaka kifuani, na yule kijana aliyetumwa ameshika mbuzi. Mwisho kabisa Raheli na mtoto.

Sefania alitoka kwenye tuta akawakimbilia, akasimama kabla hajawafikia. Raheli alimpita. Hakumwamkia. Katika maisha yake yote binti yule hakuwahi kumpita baba yake bila shikamoo.

Januari ndiye aliyesimama, na mama yake bado mgongoni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Watu?"

"Watu wapo. Nyumba za mstari wetu zimelala, maji yalifika madirishani. Mistari ya nyuma imesimama." Akavuta pumzi. "Sisi hatukuwepo ndani. Toka Raheli arudi kutoka huku kwenu, kila wingu likitanda alikuwa anatuhamishia kanisani, kule juu. Watu wanatucheka. Jana wengine wakatufuata tu, wengine huyu kijana ndiye aliyewatoa."

Sefania alikubali kwa kichwa. Akataka kusema kuhusu mfereji, kuhusu shamba, jinsi walivyochimba. Akaona hakuna pa kuanzia, maana maneno yote yangekuwa ya kujisifu. Akapokea miguu ya yule mama mkwe, wakashirikiana kumbeba mpaka uani.

Pale uani watu wa Kwemtindi walisimama wote. Wageni wakasimama upande wao. Yule mama mkwe, aliposhushwa, akaangalia sufuria, akaangalia marundo ya mashina yaliyong'olewa yakiwa mabichi, marefu kama ukuta. Alikuwa mkulima, hakuhitaji kuelezwa.

"Haya yote?" akauliza.

"Haya yote, mama," Yunis akajibu. "Na bado mnatudai."

"Na mbegu?"

"Mbegu gani? Mbegu ndiyo hii inachemka."

Yule mama akaguna, akatafuta mahali pa kukaa. Tobia akampa gogo lake. Halafu Tobia, na shati lake la ndani tu kwa sababu koti lilikuwa bado limejaa maganda, akaanza kusema kwamba itabidi waende Lushoto, wa juu na wa chini kwa pamoja, wakaseme makalvati yawe mawili, moja chini lisilogusika na moja katikati, la kuzibwa kiangazi—

"Katikati wapi?" Januari akamkata, kwa heshima lakini akamkata. "Nyie mkiambiwa katikati mtapima kwa njaa yenu."

"Na nyie mtapima kwa woga wenu!"

"Basi tupime pamoja, mwenyekiti. Na sisi tuwe na mtu wetu anakaa hapa. Si mlinzi wenu tu."

Macho yakamwendea Sefania. Alikuwa anawawekea wageni maji ya kunawa, birika mkononi.

"Ni kweli," akasema. "Muweke mtu wenu."

Raheli alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake, mtoto begani, hajaingia wala hajatoka. Sefania alimfikia na birika. Alilishika tu, anangoja. Watu wote walijifanya wanaangalia sufuria. Yule binti alimwangalia baba yake muda mrefu: matope kwenye nywele, kucha zimechanika kwa kuchimba.

"Shika mtoto kwanza," akasema.

Akampa. Akanawa mwenyewe.

"Jamani, yanapoa," Dorkasi akasema. "Mpango wenu upangeni mdomo ukiwa na kitu. Kaeni. Kaeni chini wote."

Yunis akafunua sufuria. Kwanza akakaa mama mkwe kwenye gogo lake, wakakaa watu wa Kwefungo na matope yao, wakakaa wa Kwemtindi kuwazunguka, kwenye magogo, kwenye mawe, kwenye mafungu ya mashina ya maharage. Raheli akakaa karibu na mama yake, mbali na baba yake, lakini sinia lilikuwa moja. Sefania akawa wa mwisho, na mtoto mapajani. Wakaomba, wakala.